Safu ya Mzazi

Shemeji yangu sikumwamini tangu siku alipokuja kujitambulisha nyumbani kwetu akiwa na viatu vipya na soksi zilizotoboka. Nilimwambia mdogo wangu jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba mtu anayeficha tundu ndani ya kiatu kipya ana mengine mengi anayoyaficha. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaolewa naye hivyo hivyo. Nilifunga mdomo, ila macho sikuyafumba.

Kazini wananiita Kamera. Wanadhani ni utani, na mimi nawaacha wadhani. Karakana yetu inatengeneza miguu ya bandia, ya watoto hasa. Mbele ni mapokezi, katikati ni chumba cha plasta, ambako fundi anachukua umbo la kigutu cha mgonjwa, na nyuma ni mashine za kuchonga plastiki na vumbi lake jeupe linaloingia mpaka kwenye chai. Mtoto anakua na mguu wa bandia haukui, kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa lazima arudi apimwe upya. Nani arudi lini, mguu upi, umbo lake liko rafu ipi, yote hayo yamo kwenye kompyuta, na kompyuta ni kazi yangu.

Shemeji ndiye dereva wa karakana. Wanamwita Breki kwa sababu anaendesha taratibu mpaka wapita njia wanampita. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Mdogo wangu alinililia, ndiyo, lakini pia niliona kwamba kama ni mtu wa kuchunga, heri nimchunge nikiwa nimekaa.

Tangu waoane imepita miaka minane, na mdogo wangu hajajaliwa mtoto. Mawifi zake wanajua kumchoma bila kumtaja. Wakija kumsalimia wanaulizana wenyewe kwa wenyewe kwa nini nyumba ni kimya hivi, kisha wanageukia chai. Breki yeye huwa anasema Mungu hana haraka, na anatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Mwanamume gani anakaa miaka minane bila mtoto na bado anatabasamu? Nilikuwa na jibu langu: yule ambaye anaye mahali pengine.

Basi, Mkuu wa karakana akaamua tuhamie mfumo mpya wa kompyuta, na akaamua hivyo nikiwa likizo. Niliporudi nikakuta kazi imekwisha. Ilifanywa na kijana mmoja wa kukodiwa, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na adabu nyingi mno, ambaye wote walikuwa wanamwita Mtaalamu. Alinisalimia shikamoo kwa mikono miwili. Mimi mtu akinizidishia adabu huwa naangalia pochi yangu iko wapi. Nikajiuliza kwa nini walisubiri niondoke, na kama hilo halikuwa na maana, basi mimi si Kamera.

Mtaalamu alinikalisha akanieleza. Kwenye mfumo wa zamani kila mtoto alikuwa na mstari wake, na kwenye mstari huo kulikuwa na namba ya mtu mzima anayehusika naye. Namba hiyo ilitakiwa kumwelekeza mtu kwenye jedwali jingine, jedwali la watu, lenye majina na simu. Lakini mfumo wa zamani haukuwa unakagua. Ukiandika namba ya mtu asiyekuwepo, unapokea tu, kama mlinzi anayesinzia. Mfumo mpya una kitu kinachoitwa ufunguo wa kigeni. Huo ni sharti: ukimtaja mtu kwenye mstari wa mtoto, mfumo unakwenda kwanza kuangalia kama mtu huyo yupo kwenye jedwali la watu. Kama hayupo, unakurudisha mlangoni. Alipojaribu kuhamisha data, akasema, mistari mingi ilikataliwa, skrini ilijaa maandishi mekundu. Kwa hiyo wale ambao watu wao hawakupatikana, aliacha nafasi zao tupu, na waliopatikana wakapita.

Nikamuuliza mbona sioni safu tuliyoizoea, ile ya "aliyekuja naye", na badala yake naona safu mpya inayosema "mzazi". Akajibu kwamba mfumo mpya ndivyo ulivyo, una mzazi tu. Nikamuuliza hayo majina ya wazazi ameyatoa wapi.

"Kwenye kumbukumbu zenu wenyewe, mama," akasema. "Mimi sijaongeza hata herufi."

Kabla sijaenda likizo Mkuu alikuwa amewatangazia wazazi walete vyeti vya kuzaliwa vya watoto kwa ajili ya mfumo mpya. Nikajua basi ndiko yalikotoka. Cheti cha kuzaliwa hakina masihara. Mkuu akaniagiza nipitie watoto mmoja mmoja kuona kama kuna kilichopotea njiani, na Mtaalamu akachukua begi lake akaenda zake.

Nilikuwa nimefika kwenye watoto wa rafu ya tatu siku ile. Nilifungua ukurasa wa msichana wa miaka sita, mguu wa kushoto, amekatwa chini ya goti. Nikashuka kwenye safu ya mzazi. Nikasoma jina lote la shemeji yangu, la kwanza, la baba yake na la ukoo, na chini yake namba ya simu ambayo ninayo kwenye simu yangu.

Nilikaa. Nilikuwa nimekaa tayari, lakini nilikaa tena. Halafu nikafanya hesabu ambayo kila mwanamke angeifanya: mtoto wa miaka sita, ndoa ya miaka minane. Moyo ulinilipuka paa, na sitaki kudanganya, chini ya uchungu ule kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Nilikuwa nimesema. Tangu soksi zile nilikuwa nimesema.

Sikupiga kelele. Nilikwenda chumba cha plasta kama mtu aliyekwenda kuomba mkasi, nikamkuta fundi amejaa nyeupe mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza umbo la yule msichana wa mguu wa kushoto liko wapi, siku hizi silioni kwenye rafu. Fundi hakuinua hata kichwa.

"Yule wa Breki?" akasema. "Liko pale juu. Anakuja kupimwa tena karibuni."

Yule wa Breki. Kumbe karakana nzima inajua, nikasema moyoni, mimi tu ndiye nimefumbwa macho, mimi ninayeitwa Kamera. Nikakumbuka mengine. Breki alikuwa na mtu kwenye simu anayemwita Bosi. "Bosi, nipo njiani." "Bosi ameamka salama?" Siku moja nilimsikia akimwambia Bosi asisahau kunywa maziwa, na wakati huohuo Mkuu wetu alikuwa amesimama mbele yangu akisaini karatasi. Niliwahi kufikiri ni mchezo wa madereva. Sasa kila kitu kikaja na kukaa mahali pake, na mahali pake pote palikuwa pabaya.

Jumamosi nilimfuata. Nilivaa kitenge cha kawaida na miwani ya jua, nikapanda pikipiki ya kukodi, na kumfuata Breki kwa pikipiki si kazi. Kazi ni kumshawishi mwendesha pikipiki asimpite. Alikwenda mpaka kwenye nyumba moja ya matofali isiyopigwa lipu, yenye kamba ya nguo mbele. Kwenye kamba kulikuwa na magauni madogo. Nikashukia ng'ambo, kwenye kibanda cha vocha, nikajitia kuchagua chaja.

Mtoto alitoka mwenyewe, akiruka kwa mguu mmoja huku amemshika mkono mwanamke kijana aliyefunga khanga. Breki alimwinua akamzungusha hewani. Mtoto akapiga yowe la furaha na kusema, nikasikia kwa masikio yangu haya, "Baba, umechelewa!" Yule mwanamke akacheka, akampa Breki mfuko mweusi, naye akaupokea bila kuuliza una nini, kama mtu anayepokea mfuko wa nyumbani kwake. Nililipia chaja isiyoingia kwenye simu yangu nikaondoka.

Jioni ile ile nilikwenda kwa mdogo wangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikwenda nikijua Breki yupo karakana anaosha gari. Mdogo wangu alikuwa anakunja nguo kitandani. Hakuna namna nzuri ya kusema jambo kama lile, kwa hiyo nililisema lilivyo. Nilimweleza kuhusu mfumo mpya, ufunguo wa kigeni, jinsi kompyuta inavyokagua na kukataa wasiokuwepo, nikasisitiza kwamba mume wake hakukataliwa. Nikamweleza kuhusu fundi wa plasta, Bosi, nyumba ya matofali, yule mwanamke wa khanga. Nilitia kila kitu isipokuwa chaja.

Aliendelea kukunja. Alikunja shati la Breki, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ana miaka mingapi?" akauliza.

"Sita."

"Na mguu ni upi?"

Nikamwambia wa kushoto. Niliona swali la ajabu. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa matusi, kwa yeye kushusha sanduku juu ya kabati. Nilikuwa tayari nimepanga angelala chumba gani nyumbani kwangu. Badala yake aliniomba nisimwambie mtu, wala Breki mwenyewe. "Niachie hili, dada," akasema. "Tafadhali mara hii moja niachie." Sauti yake haikutetemeka. Hilo ndilo lililonitisha.

Zikapita siku, kimya. Breki anakuja kazini anatabasamu, ananipigia saluti, "Shemeji, Kamera imechajiwa?" Mimi namjibu kwa meno. Nilitegemea mdogo wangu alipuke, hakulipuka. Nikaanza kumshuku na yeye. Nilipompigia simu alikuwa sokoni. Nikimpigia tena, yuko kwa fundi seremala. Seremala wa nini? Nilipokwenda kumtembelea, kile chumba chake kidogo cha kuwekea mizigo kilikuwa kimefungwa, na ufunguo hauko mlangoni. Nikamuuliza kuna nini humo ndani. Akasema panya. Mdogo wangu hajawahi kunificha kitu tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja, na siku ile alinitazama usoni akaniambia panya.

Nikafikiri amekwenda kwa mganga. Nikafikiri anakusanya ushahidi wa mahakamani. Nikafikiri, Mungu anisamehe, kwamba ana sumu. Nilianza kumpigia kila asubuhi kumuuliza Breki ameamkaje, na yeye akawa ananijibu, ameamka salama, dada, kwani vipi?

Wakati huo huo kazini mambo yalikuwa yameharibika. Mfumo mpya ulikuwa hauruhusu mtoto kupangiwa siku ya kupimwa kama safu ya mzazi ni tupu, na Mtaalamu alikuwa ameacha tupu nyingi. Akina mama walikuwa wanafika na watoto mgongoni, mama wa mapokezi anabonyeza, kompyuta inakataa. Walikuwa wanakaa kwenye benchi mpaka watoto wanalala. Mkuu akampigia Mtaalamu, simu ikawa haipatikani, na hapo ndipo walipokumbuka kwamba kuna mtu anaitwa Kamera.

Nilikuwa kwenye kiti changu nanywa chai, najiandaa kuanza na zile tupu, simu yangu ikalia ujumbe. Nilisoma mara moja, nikaisogeza mbali kidogo na macho, nikasoma tena. Ulitoka kwenye mfumo wetu wenyewe. Ulisema: Mpendwa mzazi, mtoto wako anatakiwa kufika karakana wiki ijayo kupimwa mguu wa kulia.

Mimi sina mtoto. Sijawahi kuzaa, sijawahi hata kupoteza mimba. Mtu asijisumbue kutafuta.

Nikaingia kwenye mfumo nikajitafuta. Nikajikuta. Nilikuwa mama wa mvulana wa miaka tisa ambaye jina lake halikunikumbusha kitu, mpaka nilipoangalia tarehe yake ya kwanza kufika. Siku ile mvua ilikuwa kubwa, na mama yake alikuwa getini amebeba wadogo zake wawili, mapacha, na mimi ndiye niliyemchukua huyu mkubwa chini ya mwavuli wangu nikamfikisha mapokezi. Nikainuka na simu mkononi nikaenda kwa mama wa mapokezi. Nikamuuliza, kwenye mfumo wa zamani, ile safu ya aliyekuja naye, yeye alikuwa anaandika nani.

"Si yule aliyemshika mkono mlangoni?" akasema. "Nikiita mtoto nataka nijue nani anainuka. Mengine ya wazazi mimi yananihusu nini?"

Mama wa mapokezi ana miaka mingi pale na huo ndio utaratibu wake mmoja, na hautikisiki. Mkono unaoshika mkono wa mtoto mlangoni, ndio unaoandikwa. Awe mama, awe jirani, awe mlinzi. Mtaalamu hakuwa amegusa cheti cha kuzaliwa hata kimoja; alikuwa ameichukua safu yake nzima, akaipa jina jingine, na kuipitisha. Kweli hakuongeza hata herufi moja. Alibadili jina la juu tu. Na ule ufunguo wa kigeni nilioutangaza kwa mdogo wangu kama shahidi wa mahakamani ulikuwa umekagua jambo moja peke yake: kwamba huyu mtu yupo. Sisi wafanyakazi tulikuwepo, sote tuko kwenye jedwali la watu, kwa hiyo tulipita. Waliokataliwa walikuwa mama na baba halisi ambao hakuna aliyewahi kuwaandikisha. Mlinzi wa getini alikuwa baba wa watoto watatu, na alipoambiwa akasema angependa kuwaona.

Nililiona jina la safu, nikauliza mara moja tu. Mimi, ninayeuliza bei ya chumvi mara mbili. Kama lingekuwa jina la mtu mwingine yeyote pale kwenye ule mstari ningeuliza tena, ningepiga kelele, ningemwita Mtaalamu arudi. Lilikuwa jina la Breki, nikalipokea kama mtu anayepokea mshahara.

Nikamuuliza mama wa mapokezi kuhusu msichana wa mguu wa kushoto. Akasema wazazi wake walikufa katika ajali ile ile iliyomkata mguu. Amebaki na bibi yake, ambaye magoti yamekufa hawezi kupanda gari, na mjukuu mwingine, binti mkubwa, anayewafulia nguo. Breki alipoona mtoto amekosa kupimwa mara mbili, akaanza kwenda kumchukua mwenyewe, hata siku zake za mapumziko. Bibi anamtumia viazi kwenye mfuko. Mtoto anamwita baba, kwani amwite nani? Na yeye anamwita mtoto Bosi, kwa sababu mtoto ndiye anayempangia njia ya kupita.

"Kwani wewe hukujua?" mama wa mapokezi akaniuliza. "Wewe Kamera?"

Nilichukua pochi nikatoka, na kwenye njia ya kwenda kwa mdogo wangu nilikuwa nakimbia kwa namna ambayo mtu mzima hakimbii. Nilikuwa na habari njema. Ndivyo nilivyokuwa nafikiri, kwamba nampelekea habari njema. Mume wako ni msafi, ndoa yako ni nzima, rudisha sanduku kama ulishalishusha, mwaga hiyo sumu kama unayo. Niligonga hata sikungoja kuitikiwa.

Mlango wa chumba kidogo ulikuwa wazi. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti sakafuni, anafuta kitanda kipya kwa kitambaa. Kilikuwa kitanda kidogo, cha mbao nyeupe, kilicho karibu na sakafu kuliko vitanda vyote nilivyowahi kuona. Kando ya ukuta kulikuwa na ufito laini wa kushikilia, uliopigiliwa kuanzia mlangoni mpaka kitandani, kimo cha mtoto, upande wa kushoto. Kwenye dirisha kulikuwa na jozi ya viatu vyekundu vya mkanda, bado vina karatasi ndani.

Aliponiona hakushtuka. Alikaa kitako sakafuni akafuta jasho kwa mkono wa gauni, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijakiona tangu siku ya harusi yake.

"Usinigombeze," akasema. "Nililia, dada, nililia siku mbili. Halafu nikawaza, kumbe yupo mtoto. Miaka yote hii nadhani hakuna, kumbe yupo. Nangoja tu yeye mwenyewe aniambie. Najua ataniambia. Nikimwonyesha hiki chumba ataniambia."

Nilisimama pale na habari yangu njema mdomoni. Nilitaka kuimeza. Nilifikiri kweli kuimeza, niende zangu, niwaachie wenyewe. Lakini Breki angerudi jioni, angeonyeshwa kitanda, na asingekuwa na la kuungama.

Nikamwambia. Nilimweleza safu ilivyokuwa inaitwa zamani na inavyoitwa sasa. Nilimweleza kuhusu mvulana wangu wa mwavuli. Niliona nikisema haraka itauma kidogo, na nilikuwa nimekosea hapo pia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akachukua viatu dirishani, akatoa zile karatasi ndani yake, akazirudisha.

"Ulikuja ukanipa mtoto," akasema. "Sikukuomba. Sasa umekuja kumchukua."

Nilinyoosha mkono nimguse bega na yeye akalisogeza bega. Nilitoka nikarudi kazini kwa miguu, na nilipofika chooni nililia mpaka fundi wa plasta akagonga kuuliza kama kuna mtu anaumwa.

Nilirekebisha mfumo. Ilinichukua muda, maana nilianza kwa kurudisha safu ya aliyekuja naye mahali pake na kwa jina lake, nikaondoa data yote kwenye safu ya mzazi, nikaanza kupiga simu kwa akina mama mmoja mmoja na kuwaandikisha kwanza kwenye jedwali la watu ndipo niwataje kwenye mistari ya watoto wao. Nilijifuta kwa yule mvulana. Nilimfuta Breki kwa msichana wa mguu wa kushoto, na mkono ulikuwa mzito. Nikamwandikisha bibi kama mlezi. Bibi hana simu.

Breki nilimwomba radhi. Nilimweleza yote, mpaka miwani na chaja. Alicheka kwanza, kisha hakucheka, akaniuliza mdogo wangu alikaa na jambo lile siku ngapi peke yake. Nilipomwambia, aliweka ufunguo wa gari mezani kwangu akaenda nyumbani, na gari siku hiyo halikumleta mtu yeyote.

Siku ya kupimwa msichana nilikuwa nimekaa mapokezi, mama wa mapokezi alikuwa anaumwa. Breki aliingia kwanza akashikilia mlango. Nyuma yake aliingia mdogo wangu. Hatukuwa tumesalimiana tangu siku ile ya kitanda. Alikuwa amemshika mtoto mkono, upande wa kushoto, na mtoto alikuwa amevaa kiatu kimoja chekundu, na kingine amekishika kwapani akisubiri mguu wa kukivaa.

"Shikamoo," mtoto akaniambia.

"Msalimie vizuri," mdogo wangu akasema bila kunitazama. "Huyo ni mama yako mkubwa."

Nilifungua ukurasa wa mtoto. Kwenye safu ya aliyekuja naye nikaandika jina la mdogo wangu, na mfumo ukakataa. Maandishi mekundu: mtu huyu hayupo. Miaka yote ile ya kuja getini kumngoja mume wake, kuniletea chakula nilichokisahau, hakuna aliyewahi kumwandika popote. Nikamwomba jina lake kamili, nami nalijua, na yeye akanitajia, naye anajua kwamba nalijua. Nikamwandikisha kwenye jedwali la watu, nikarudi kwenye mstari wa mtoto, nikajaribu tena.

Ilibaki nafasi moja, ya simu ya kutumiwa ujumbe mtoto akitakiwa kurudi. Mdogo wangu alikuwa ameinama juu ya kaunta anatazama nilipofika.

"Huo ujumbe," akauliza, "huwa unakwenda kwa nani?"

Nikaandika namba yake nikabonyeza, na mfumo ukaipokea. Kisha nikamwita fundi wa plasta aje amchukue mtoto.